Protini ya wadudu kwa mbwa: inaingia badala ya nini?

Mbwa hahitaji kubembelezwa ili ale mdudu. Mwachie panzi mmoja tu majanini, utaona. Anayebembelezwa ni mwenye mbwa, ndiyo maana pakiti za unga na biskuti za wadudu hujaa maneno mazito: protini asilia, haina mzio, inatunza mazingira, inasaidia tumbo na ngozi. Kila dai lina chembe ya ukweli, lakini ukubwa wa chembe hiyo unategemea jambo ambalo pakiti hailigusi: hao wadudu wanaingia kwenye bakuli badala ya nini? Wakichukua nafasi ya nyama iliyokuwa ikimwasha mbwa, wanaweza kuwa na kazi kubwa. Wakinyunyizwa juu ya chakula ambacho tayari kimekamilika, kazi yao ni ndogo sana.

Wadudu wanaotumika katika chakula cha mbwa kwa kawaida ni wa aina tatu. Kuna nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ambaye huvunwa akiwa bado buu. Kuna mbawakawa wa unga, Tenebrio molitor, yule ambaye mabuu yake ya manjano hukutwa kwenye nafaka iliyokaa sana ghalani. Na kuna nyenje, hasa Acheta domesticus. Nzi askari mweusi ndiye anayetawala biashara hii, na sababu ni urahisi wa kumfuga. Mabuu yake hula karibu kila kinachooza, hukua upesi penye joto la nyuzi 27 hadi 30, na nzi mwenyewe akishakomaa havamii chakula cha watu kama afanyavyo nzi wa nyumbani.

Kiwandani mabuu huuawa, hukaushwa, mara nyingi hukamuliwa mafuta, kisha husagwa. Hatua ya kukamua hubadilisha kila kitu. Buu zima lililokaushwa huwa na protini kama asilimia 40 na mafuta kama asilimia 30. Mafuta yakitolewa, unga unaobaki unaweza kupita asilimia 50 ya protini. Nyenje waliokaushwa hufika 60 na zaidi. Pakiti mbili zilizoandikwa maneno yaleyale, "protini ya wadudu", zinaweza kuwa na vitu viwili visivyofanana hata kidogo, na mbwa aliyewahi kuugua kongosho atayaona mafuta ya moja kati yake kabla hujayaona wewe.

Hizo asilimia zenyewe zina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Maabara, kwa njia iliyozoeleka, haipimi protini moja kwa moja. Hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25, kwa kuchukulia kwamba asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Kwa nyama makisio hayo yanakaribia ukweli. Kwa wadudu yanapotoka, kwa sababu gamba la mdudu limejengwa kwa kitini, na kitini ina naitrojeni ingawa si protini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walipendekeza kwamba kwa mabuu mazima kizidisho kiwe 4.76 badala ya 6.25. Fanya hesabu: buu ambalo lebo inasema lina protini asilimia 40 linabaki na kama asilimia 30 tu. Hakuna aliyedanganya hapo, maana lebo inafuata kanuni iliyowekwa kwa vyakula vya aina nyingine. Ila mnunuzi anayelinganisha unga wa wadudu na nyama iliyokaushwa kwa kutazama namba peke yake anapunjika.

Kitini hiyohiyo ndiyo inayozaa dai la "kusaidia tumbo". Kuku, nguruwe na panya wana kimeng'enya cha kuivunja tumboni kwa kiasi kizuri. Mbwa anacho kidogo sana. Kwake kitini hupita kama nyuzinyuzi: sehemu huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, na nyingine hutoka jinsi ilivyoingia. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2019, mbwa 32 wenye afya walilishwa kwa siku 29 chakula chenye unga wa nyenje kuanzia sifuri hadi asilimia 24, na wingi wa aina za bakteria wa utumbo wao ulibaki karibu sawa. Hiyo ni habari njema kwa anayeuliza kama wadudu watamdhuru mbwa wake. Kwa anayetafuta dawa ya tumbo, siku 29 za mbwa wasiougua hazimwambii lolote.

Tukija kwenye ubora wa protini yenyewe, mambo ni mazuri kuliko wapinzani wa wadudu wanavyodai. Majaribio ya kuwalisha mbwa yameonyesha kwa kurudiarudia kwamba zaidi ya asilimia 80 ya protini katika vyakula vyenye nyenje au mabuu ya nzi askari mweusi husagika, ingawa kiwango hushuka kidogo kadiri wadudu wanavyoongezwa. Asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, ambazo mbwa hawezi kujitengenezea zimo zote. Inayopungua mara nyingi ni methionini, na upungufu huo una uzito kwa sababu mbwa hutumia methionini na sisteini kutengeneza taurini, ambayo moyo wake unaihitaji. Mtengenezaji makini hulijua hilo na huongeza methionini kwenye mchanganyiko. Mtu anayejaribu kupika chakula kizima cha mbwa nyumbani kwa unga wa nyenje na viazi kwa kawaida halijui.

Kuna jambo la pembeni hapa. Mwezi Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba inachunguza ripoti za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka huku wakila vyakula visivyo na nafaka, vilivyojaa njegere na dengu. Chanzo hakikuthibitishwa, na wadudu hawakuwa watuhumiwa. Lakini vyakula vingi vya wadudu hutengenezwa kwa mtindo huohuo wa kuacha nafaka na kujaza njegere, kwa hiyo soma viungo vyote. Mdudu kwenye picha ya mbele anaweza kuwa wa nne kwenye orodha ya nyuma.

Sasa tuje kwenye unga unaouzwa kama nyongeza. Chukua mbwa mzima wa kilo 10, mwenye afya na pilikapilika za kawaida. Kwa siku anahitaji kama kilokalori 600. AAFCO, chama cha maafisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, kinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na angalau gramu 45 za protini kwa kila kilokalori 1,000, maana yake gramu 27 kwa mbwa wetu. Chakula kikavu cha kawaida chenye protini asilimia 25 kitampa, ndani ya kilokalori zake 600, gramu 40 hivi. Amevuka kiwango hata kabla pakiti ya wadudu haijafunguliwa.

Kanuni ambayo madaktari wa mifugo huitumia ni kwamba vitafunio na nyongeza zote visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ili mlinganyo wa virutubisho vya chakula kikuu usivurugike. Kwa mbwa huyu hizo ni kilokalori 60, takribani gramu 12 za mabuu mazima yaliyokaushwa. Humo mna gramu 5 za protini kwa hesabu ya lebo, na pungufu ya hapo kwa hesabu ya Wageningen. Mwili wa mbwa hauna ghala la protini. Ile inayozidi mahitaji, ini huitoa naitrojeni na kuigeuza urea, figo huipeleka kwenye mkojo, na kinachobaki huchomwa kama nishati au huwekwa kama mafuta. Na kama mwenye mbwa hakupunguza chakula kikuu kufidia zile kilokalori 60, baada ya miezi michache mbwa atakuwa ameongeza kiuno zaidi ya kingine chochote.

Sisemi ni upotevu mtupu. Mbwa wengi huupenda unga huo, na kijiko kimoja juu ya chakula kinaweza kumrudishia hamu mbwa mzee anayechaguachagua. Kama kitafunio cha mafunzo, buu lililokaushwa ni dogo, halinati mikononi, na lina harufu ambayo mbwa huifuata. Hizo ni sababu nzuri za kununua kitu. Ila ni sababu za ladha, na bei hutozwa kwa sababu za lishe.

Dai lililo na uzito zaidi ni la mzio, nalo ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mbwa mwenye mzio wa chakula huwa ana mzio wa protini aliyokwisha kuila. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2016, yaliyojumlisha mbwa 297, yalikuta nyama ya ng'ombe ikiwa chanzo cha mzio kwa asilimia 34 ya mbwa hao, bidhaa za maziwa asilimia 17, kuku 15 na ngano 13. Mbwa ambaye hajawahi kula wadudu hajapata nafasi ya kujenga uadui nao. Hapo ndipo wadudu wanapofaa: ni protini mpya, na mpya kweli, kwa sababu siku hizi bata, sungura na samaki wamejaa kwenye vyakula vya kawaida hadi upya wao umekwisha.

Lakini angalia masharti yake. Kipimo cha kuaminika cha mzio wa chakula ni kumwondolea mbwa protini zote za zamani kwa wiki 8 hivi, bila mwanya hata mmoja, kisha kumrudishia chakula cha awali kuona kama muwasho unarudi. Unga wa wadudu ulionyunyizwa juu ya chakula cha kuku haujaondoa kuku. Mbwa ataendelea kujikuna, na mwenyewe atasema wadudu hawakusaidia, kumbe hawakupewa nafasi. Biskuti nyingi "za wadudu" nazo zina mafuta ya kuku au ladha ya nyama ndani yake, jambo ambalo halimsumbui mbwa mwenye afya ila linaharibu wiki 8 za mbwa mgonjwa. Kwa kazi hii kinachotakiwa ni chakula kamili ambacho mdudu ndiye protini pekee ya mnyama iliyomo, na daktari wa mifugo awe anafuatilia. Daktari huyo ataanza pengine na viroboto na mzio wa mazingira, kwa sababu mbwa wengi wanaojikuna hawana tatizo la chakula hata kidogo.

Halafu kuna utitiri. Wadudu, kamba, kaa na utitiri wa vumbi ni ndugu wa mbali, na wana protini za misuli zinazofanana sana, mashuhuri ikiwa tropomiosini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipowapima mabuu ya mbawakawa wa unga kama chakula cha binadamu na kutoa maoni yake mwaka 2021, ilionya kwamba watu wenye mzio wa kamba au wa utitiri wanaweza kudhurika. Kwa mbwa, utafiti wa maabara wa mwaka huohuo ulikuta kwamba kingamwili za mbwa wenye mzio wa utitiri wa ghalani ziliwatambua pia mabuu hao. Kingamwili kushika kitu kwenye kifaa cha maabara hakumaanishi mbwa atawashwa akila, hilo lisemwe. Hata hivyo mzio wa utitiri ni wa kawaida mno miongoni mwa mbwa wanaojikuna, yaani kundi lilelile linalolengwa na matangazo. Maneno "haina mzio" hayafai kuwepo kwenye pakiti ya aina hii.

Dai la mazingira nalo linarudi kwenye swali letu la badala ya nini, tena kwa ukali zaidi. Mwaka 2017 Gregory Okin wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikadiria kwamba chakula cha mbwa na paka wa Marekani kinachangia kati ya asilimia 25 na 30 ya madhara ya kimazingira yanayotokana na ufugaji wa nyama nchini humo. Makadirio hayo yalinukuliwa kila mahali, na kampuni za wadudu bado zinayategemea. Waliompinga walisema jambo lenye mantiki: sehemu kubwa ya nyama inayoingia kwenye chakula cha mbwa ni mapafu, maini, wengu na masalia mengine ya machinjioni ambayo binadamu katika nchi hizo hawali. Ng'ombe hachinjwi kwa ajili ya mapafu yake. Ukiondoa mapafu hayo kwenye bakuli na kuweka mabuu, ng'ombe bado atachinjwa. Lakini ikiwa mbwa alikuwa analishwa minofu ya daraja la kwanza kwa sababu mwenyewe anaona masalia ni aibu, basi kumhamishia kwenye mabuu kunapunguza kitu cha kweli.

Upande wa pili wa mizani ni wadudu wenyewe wamekula nini. Ripoti ya 2013 ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisambaza hesabu inayopendwa: nyenje wanahitaji kilo 2 za chakula kuongeza kilo 1 ya uzito, ng'ombe kilo 8. Lakini ng'ombe si mshindani halisi hapa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa California waliwalisha nyenje chakula cha kuku cha nafaka na wakakuta kwamba ufanisi wao katika kutengeneza protini haukuwapita kuku kwa mbali. Nyenje waliolishwa taka za chakula za mjini ambazo hazikuchakatwa vya kutosha walikufa zaidi ya asilimia 99 kabla ya kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Nzi askari mweusi anazimudu taka hizo, na ndiyo sifa yake kuu. Cha ajabu ni kwamba katika Umoja wa Ulaya hawezi kulishwa nyingi kati yake. Sheria huko humhesabu mdudu wa shambani kuwa mnyama wa kufugwa kama wengine, na mnyama wa kufugwa haruhusiwi kulishwa kinyesi wala mabaki ya jikoni, katazo lililokazwa baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Kwa hiyo mabuu mengi ya Ulaya hula pumba, mashapo ya viwanda vya pombe na masalia ya mboga, vitu ambavyo vingi vingeweza kuliwa na nguruwe au ng'ombe bila kupitia kwa mdudu. Penye baridi kuna pia umeme wa kuwapasha joto usiku na mchana. Gharama hizo si za kubuni. Ÿnsect, kampuni ya Ufaransa ya kufuga wadudu iliyoanzishwa 2011 na kukusanya mamia ya mamilioni ya dola, ililazimika mwaka 2024 kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mashamba bora yapo, ila neno "wadudu" halitoshi kukuambia kama lililotoa unga wako ni mojawapo.

Usalama naupitia haraka kwa bidhaa za kiwandani, kwa sababu zikisimamiwa vizuri hazina hatari kubwa kuliko nyama. Joto huua bakteria wengi. Mbegu za bakteria wa aina kama Bacillus cereus zinaweza kustahimili, kwa hiyo unga ukishalowekwa usiachwe kwenye bakuli kutwa nzima. Madini mazito yanategemea chakula cha mdudu: mabuu ya nzi askari mweusi hujilimbikizia kadimi, ya mbawakawa wa unga hujilimbikizia aseniki. Ndiyo maana shamba linalojua chanzo cha malisho yake lina thamani kuliko lebo yenye majani ya kijani.

Wadudu wa kuokota ni habari nyingine. Panzi wa shambani anaweza kuwa amepigwa dawa saa moja iliyopita. Mbawakawa wanaokula kinyesi hubeba mnyoo Spirocerca lupi, ambao ukiingia kwa mbwa husafiri hadi kwenye umio na kujenga vinundu vinavyoweza kugeuka saratani. Kiroboto anayemezwa huleta tegu, Dipylidium caninum. Mbwa atakula mdudu mmoja mmoja hata ukimkataza. Kumkusanyia ndoo nzima ni wewe unayeamua.

Uhalali unatofautiana na pia unabadilika. AAFCO ilikubali mabuu ya nzi askari mweusi yaliyokaushwa kwa mbwa wazima mwaka 2021, na unga wa mbawakawa wa unga mwanzoni mwa 2024. Neno "wazima" lisikupite. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, mifupa yake huharibika kalsiamu ikizidi, na mabuu ya nzi askari mweusi yana kalsiamu nyingi kwa sababu gamba lao limechanganyika na chokaa. Nyenje na mbawakawa wa unga wana kasoro ya kinyume: fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo. Kwa mbwa mwenye ugonjwa wa figo fosforasi hiyo na protini ya ziada ni mzigo, hata vikija kwa kijiko kidogo. Mafuta ya mabuu ya nzi askari mweusi, kwa upande wake, yana asidi nyingi ya lauriki kama mafuta ya nazi na omega-3 kidogo, kwa hiyo dai la "kung'arisha manyoya" lina msingi hafifu kuliko la mafuta ya samaki.

Ukiamua kununua, lebo ikuambie vitu vichache bila kuzungukazunguka: jina la mdudu, ni buu zima au unga uliokamuliwa mafuta, malisho yake yalikuwa nini, kalori kwa gramu, na kama bidhaa ni chakula kamili au cha nyongeza. Isipotaja, mwandikie mtengenezaji umuulize na pia nani aliyepanga mchanganyiko huo. Anza na robo ya kipimo kwa siku kadhaa, punguza chakula kikuu kwa kalori zilezile, na tazama kinyesi na ngozi. Akiharisha au akianza kukuna masikio na kulamba nyayo, acha unga huo kwanza kabla hujaongeza kitu kingine, vinginevyo daktari atakapokuuliza nini kilibadilika hutakuwa na jibu moja la kumpa.